Mita Mia na Kumi

"Mia na kumi!" alisema Cheche kabla hata hajavua viatu. "Si sabini za kwenye ramani. Mita mia na kumi, mama watoto, toka bodi kuu ya umeme hadi wodini. Nimepima kwa kamba mara mbili."

Mkewe alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua mchele. Alisogeza sinia pembeni, akajipangusa vidole, akavuta daftari lake kutoka chini ya mto wa kochi. Penseli ilikuwa tayari sikioni. Ilikuwa Jumapili alasiri, na Cheche, fundi umeme ambaye nusu ya taa za mtaa ule ziliwashwa na mikono yake, alikuwa na udongo mwekundu hadi magotini na uso wa mtu aliyeona jambo lisilompendeza.

"Tuliza roho kwanza," alisema mke. "Mzigo?"

Cheche akatoa mfukoni kipande cha boksi alichokuwa amekiandika kwa makaa. Vilikuwa vifaa vya wodi mpya ya wazazi ya kituo cha afya: mashine mbili za joto za watoto njiti, mtambo wa kuchemshia vyombo, hita ya maji, mashine ya kufulia mashuka, friji ya dawa, taa, feni, na soketi za hapa na pale. Namba za kila kimoja alikuwa amezinakili kutoka kwenye kibao cha nyuma, kama zilivyo, bila kuruka hata moja.

Mke alijumlisha huku midomo ikicheza. "Kilowati kumi na moja na nusu. Ukigawa kwa mia mbili na thelathini, ampea hamsini kamili. Wamekuletea kebo gani?"

"Ya unene wa kumi na sita. Roli zima la kebo liko stoo. Nilipoishika, mkono wangu ukakataa."

"Mkono haupigi hesabu, baba. Ngoja."

Katika ukurasa wa katikati wa daftari lile alikuwa amenakili, miaka mingi nyuma, jedwali la unene wa kebo. Yeye mwenyewe alilielewa hivi: umeme unaosafiri ndani ya kebo ni kama maji kwenye ndoo yenye tundu. Ukienda karibu, unafika na ndoo karibu kujaa. Ukienda mbali, unafika na pungufu, na kadiri kebo inavyokuwa nyembamba ndivyo tundu linavyokuwa kubwa. Jedwali lilisema tundu la kila kebo lina ukubwa gani.

"Hamsini mara mia na kumi, elfu tano na mia tano," alinong'ona. "Mara mbili nukta nane, gawa kwa elfu... Volti kumi na tano nukta nne zinapotea njiani. Tunaruhusiwa kumi na moja na nusu, basi." Akapiga kiganja kwenye mkeka. "Mkono wako umesema kweli! Imezidi. Sasa ishirini na tano. Elfu tano na mia tano, mara moja nukta saba tano... Tisa nukta sita! Imepita! Ishirini na tano, baba watoto, ndiyo kebo yao!"

Macho yake yalikuwa yanawaka. Kuna watu husisimka wakisikia ngoma, wengine wakisikia goli limeingia. Yeye damu ilimchemka namba zikikubaliana.

Mlangoni alitokea mama yake Cheche, bibi mwembamba aliyekuwa akiishi nao, akijifuta mikono. "Mwanangu anapiga hesabu tena?"

"Ndiyo, mama," alijibu Cheche haraka.

"Kichwa hicho! Kila siku nawaambia jirani zangu, mwanangu akishika penseli hesabu zenyewe zinaogopa."

Mke aliinamia sinia lake, akaokota punje mbovu moja, akaitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili. Hakuna aliyejua. Cheche aliacha shule darasa la nne. Kujumlisha alijua, kuandika namba alijua, lakini kuzidisha na nukta zake kulimshinda kama nyuzi za redio zinavyomshinda mbuzi. Mke alikuwa amefika kidato cha nne na hesabu ndiyo ilikuwa chakula chake. Walipooana wakagawana ufundi mmoja: yeye kichwa, mumewe mikono. Kwa miaka kumi na tisa kichwa kilikaa nyumbani, mikono ikaenda kazini na kusifiwa.

Bibi alipoondoka, Cheche alianza kutembea chumbani huku na huku, mikono nyuma. "Hamsini mara mia na kumi, elfu tano na mia tano. Mara mbili nukta nane, gawa kwa elfu, kumi na tano nukta nne. Imezidi..." Alikariri vile mtu anavyokariri wimbo, mpaka akaweza kuimba bila kukwama.

Jumatatu asubuhi aliuimba mbele ya mhandisi.

Mhandisi alikuwa kijana nadhifu mwenye viatu vyeupe. Alikuwa akisimamia majengo manne kwa wakati mmoja, na simu yake haikunyamaza. Alimsikiliza Cheche akiwa amesimama mlangoni mwa stoo, jicho moja kwenye simu.

"Mia na kumi umeitoa wapi? Ramani inasema sabini."

"Ramani inasema sabini, bosi. Njia inasema mia na kumi."

Vibarua waliokuwa wakichimba mtaro walicheka. Mhandisi hakucheka. Alirudisha simu mfukoni.

"Sikiliza, fundi. Mimi nyinyi nawajua. Kebo ikiwa nene, vipande vinavyobaki vina shaba nyingi, na shaba inauzwa kwa kilo. Au nasema uongo?"

Koleo zikatulia. Matroni wa kituo, mama mfupi mwenye saa iliyobandikwa kifuani, alikuwa akipita na faili kwapani, naye akasimama. Cheche alihisi masikio yanapata moto. Vibarua wale aliwatafuta yeye mwenyewe, mmoja mmoja, na sasa walikuwa wakimtazama mifuko ya suruali kana kwamba shaba ingechungulia.

"Sijawahi kuiba hata skrubu, bosi. Ni hesabu tu. Hamsini mara mia na kumi..." Akaimba wote, wa kumi na sita na wa ishirini na tano, bila kukosea.

Mhandisi alikunja uso. Namba zilikuwa sahihi, na hilo lilimkera zaidi. "Vizuri. Sasa tuseme si ampea hamsini. Tuseme ni arobaini. Kumi na sita inapoteza ngapi?"

Ubeti huo haukuwamo kwenye wimbo.

"Arobaini..." alisema Cheche. "Arobaini, mara..."

Mhandisi akampa kalamu na kipande cha karatasi. Cheche aliishika ile kalamu kama mtu anayeshika waya asiyejua kama umezimwa. Jasho lilimtiririka shingoni. Toroli lililokuwa likija na mchanga lilisimama. Mtu mmoja nyuma akanong'ona neno, wenzake wakaguna kwa kicheko.

"Nani amekupigia hesabu hizi?"

"Mimi mwenyewe."

"Basi endelea, tunakusubiri."

Karatasi ilibaki nyeupe. Mhandisi aliichukua taratibu, akaikunja, akaitia mfukoni mwake. "Kesho saa nne kamati ya kituo itakaa hapa. Njoo na hesabu yako uipige mbele yetu sote. Ukishindwa, kabidhi funguo za stoo nimlete fundi mwingine. Na hiyo leseni yako, nitauliza ilipatikanaje."

Leseni ilikuwa halali. Enzi zile walitahiniwa kwa mikono, na mikono ya Cheche haikuwa na mpinzani. Lakini alipotoka getini na mfuko wake wa plaizi na bisibisi, alitembea kama mtu aliyeinunua barabarani.

Alifika nyumbani jua likiwa la utosi. Mke alijua kitu kabla hajaambiwa, kwa vile mfuko wa vifaa ulivyotupwa sakafuni. Cheche hakuwa na desturi ya kutupa vifaa.

Alisimulia yote bila kumtazama. Alipofika kwenye kalamu, akaruka sehemu ile.

"Nitavuta hiyo hiyo kumi na sita," alimaliza. "Kebo yao, jengo lao, ramani yao. Mimi nani? Na tena haitaungua. Ampea hamsini inabeba vizuri tu."

"Inabeba," alikubali mke. "Haitapata moto, na mkaguzi akiishika ataondoka anacheka. Lakini sikiliza. Jioni watu wakianza kupika, umeme wa huku unashuka hadi mia mbili na kumi, mara ngapi tumeupima? Toa kumi na tano. Kule wodini utafika mia moja tisini na kitu. Umeniambia mwenyewe, mashine za watoto njiti zimeandikwa nyuma kwamba chini ya mia mbili zinajizima na kupiga kelele."

"Najua nilichokuambia!"

"Sasa mtoto wa kilo moja na robo atapashwa joto na nani?"

"Na mhandisi!" Cheche alifoka. "Unataka niende kesho nikaaibike tena? Wewe hukuwepo pale. Hukuwasikia wakicheka."

"Kweli sikuwepo." Sauti ya mke ilishuka. "Sijawahi kuwepo. Miaka kumi na tisa, baba watoto. Nyumba, maduka, kile kiwanda cha matofali, ile shule. Zote nimezipigia hesabu nimekaa kwenye mkeka huu. Hata moja sijaiona ikiwaka."

Lilikuwa jambo la kweli kabisa, na la ajabu ni kwamba halikuwahi kumpitia Cheche kichwani hata siku moja.

"Mmemaliza?" Sauti ilitoka mlangoni. Bibi alikuwa amesimama pale, na ilionekana hakuwa amefika sasa hivi.

"Mama, ni mambo ya kazi tu..."

"Mambo ya kazi! Mnadhani mimi kiziwi? Kuta zenyewe hizi unasikia jirani akikuna kichwa." Bibi aliingia akakaa kwenye kochi kama hakimu. "Mwanangu, ulipokuwa na miaka tisa nilikutuma ukahesabu vifaranga. Ukarudi ukaniambia kumi na tatu. Kuku alikuwa na mayai tisa."

Mke alijifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakaanza kutikisika.

"Ulijua?" Cheche aliuliza.

"Tangu wiki aliyoingia nyumba hii. Wewe unazungukazunguka unaimba, yeye ana penseli sikioni. Mtu haoni?"

"Na majirani je? Kila siku unawaambia nina kichwa!"

"Nilikuwa namsifu huyu. Ningemsifu kwa jina lake ungenuna mwezi mzima, na mimi nala kwako." Bibi alimgeukia mkwewe, na mzaha ukamtoka usoni. "Nisamehe, mama. Nilipaswa kukusifu wazi." Kisha akamrudia mwanawe. "Na wewe, mficha uchi hazai. Tena kazi yenyewe ni ya wodi ya wazazi! Kesho unakwenda na mkeo. Basi."

Cheche alicheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimtoka kama cheche inavyotoka, kikawashika wote watatu, mpaka bibi akalazimika kufuta macho. Baadaye bibi aliwaletea chai. Mke alifungua ukurasa mpya wa daftari, na kwa mara ya kwanza mumewe hakukariri. Alivuta kigoda, akakaa ubavuni mwake, akasema, "Nionyeshe hiyo arobaini. Taratibu."

Kesho yake, saa nne kasoro robo, walikuwa getini. Mke alikuwa amevaa gauni la kutokea na viatu vilivyombana kidogo, daftari limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Aliyatazama majengo, mitaro, rundo la mchanga, bodi ya umeme ukutani. Vitu alivyovijua kwa majina na namba tu, sasa vilikuwa vimesimama mbele yake vikubwa kuliko alivyofikiri.

Kamati ilikaa kwenye benchi nje ya chumba cha mitambo: matroni, mwenyekiti mwenye upara, na mhasibu. Vibarua hawakuitwa, lakini wote walikuwa na sababu ya kuchimba karibu na hapo.

"Umekuja na nani?" aliuliza mhandisi.

"Uliniambia nije na hesabu yangu, bosi." Cheche alimwonyesha mkewe kwa kiganja kilichofunguliwa. "Hii hapa."

Kibarua mmoja alicheka peke yake. Alipoona hakuna aliyemuunga mkono, akakohoa.

"Mke wangu ndiye anayenipigia hesabu," aliendelea Cheche. "Miaka kumi na tisa. Mimi ni wa mikono. Jana nilisema uongo. Sijaiba shaba ya mtu, lakini jasho la huyu nimelila. Leo mwulizeni yeye."

Mwenyekiti alijikuna upara. Matroni alisogea akamwachia mama yule nafasi kwenye benchi, pale katikati.

"Naomba niione ya kwako kwanza, mhandisi," alisema mke.

Mhandisi alisita, kisha akampa karatasi yake. Mke alichomoa penseli sikioni, akaipitia mstari kwa mstari. Watu walisikia penseli ikigusa karatasi. Alipofika mwisho alitabasamu.

"Safi kabisa. Ampea hamsini, mita sabini, mbili nukta nane: volti tisa nukta nane. Hata mimi ningeandika hivi hivi, na ningenunua kumi na sita kama wewe."

Mhandisi alishusha pumzi. "Basi tunabishana nini?"

"Hizo sabini. Hesabu haina kosa, kosa liko kwenye mita. Na ile arobaini uliyomwuliza mume wangu jana, kwa mia na kumi ni volti kumi na mbili nukta tatu. Bado imezidi."

"Mama," matroni aliingilia, "nisaidie mimi nisiyejua mambo haya. Volti nne zikizidi kuna nini? Zinaua mtu?"

"Mashine zenu za zamani za watoto njiti, jioni huwa zinafanya nini?"

Matroni alinyooka kwenye benchi. "Zinalia! Kila jioni zinalia, kisha zinazima. Tunawafunika watoto kwa blanketi, tunawapa mama zao wawaweke kifuani, tunaomba Mungu. Tulidhani mashine ni mbovu!"

"Mashine si mbovu. Zina njaa. Kebo inakula njiani."

Matroni alikwisha simama. "Tukapime!" alisema. "Si kamba ipo? Tukapime sasa hivi!"

Cheche alikuwa nayo. Kamba ya mita kumi, ameitia fundo kila mita. Akamkabidhi mhandisi ncha moja. "Shika mwenyewe, bosi, isije ikawa nimevuta."

Wakaanza kwenye bodi. Kamba ikashuka ukutani, ikaingia mtaroni. "Moja!" alisema matroni. Kamba ya pili ilifika penye mfuniko wa zege. Kwenye ramani mstari ulikatiza moja kwa moja.

"Hapa si tunapita juu?" aliuliza mhandisi.

"Hilo ni shimo la maji machafu, bosi. Juu hupiti, chini hupiti."

Wakalizunguka. "Tatu!" Sasa vibarua nao walikuwa wamejiunga, na kila kamba ilipowekwa chini waliitikia pamoja. "Nne!" Kando ya mwamba ambao sururu zilikuwa zimeshindwa. "Tano!" Nyuma ya jiko la kituo, wapishi wakatoka na miiko mikononi. "Sita!" Wagonjwa wa nje walianza kusimama kwenye foleni yao ili waone. Viatu vyeupe vya mhandisi vilikuwa vimekwisha badilika rangi.

"Saba!"

Sabini. Mhandisi alisimama na ncha ya kamba mkononi, akatazama mbele. Mbele yake kulikuwa na msingi wa tangi jipya la maji, mpana kama nyumba. Mlango wa wodi ulikuwa kule ng'ambo.

Mke alimwonea huruma. Alijua namba zinavyouma zikikugeuka.

"Tuendelee," mhandisi alisema mwenyewe, kwa sauti ndogo.

Nane ikalizunguka tangi. Tisa. Kumi. Ya kumi na moja ilipanda ukuta wa wodi, ikaingia kwenye tundu, na mhandisi alipoinyoosha ndani ncha iligusa bodi ndogo ya wodi ikabakiza shibiri mbili. Vibarua walipiga kelele za shangwe kana kwamba wao ndio waliozidisha.

Mhandisi alikaa kwenye ngazi za wodi, akafuta jasho. "Niliichora mezani," alisema. "Kabla tangi halijajengwa. Nilitaka kuja kupima, kila siku nikasema kesho." Aliinuka, akawageukia vibarua. "Jana nilimwita fundi huyu mwizi mbele yenu. Leo naomba radhi, mbele yenu vilevile. Na wewe, mama..." Akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

Ilibaki kazi ya mhasibu. Roli la kumi na sita lilikuwa halijakatwa hata inchi, kwa hiyo mwenye duka alilipokea huku akilalamika. Nyongeza ya ishirini na tano ilipatikana kwa kuahirisha rangi ya ukuta wa nje. "Watoto hawazaliwi ukutani," alisema matroni, na kamati ikapitisha.

Jumamosi walivuta kebo. Ilikuwa nene, nzito, kaidi kama ng'ombe asiyetaka josho. Cheche alikuwa mbele, kebo begani. "Hoya! Vuta! Pumzika! Vuta!" na wanaume kumi na wawili wakavuta kwa pamoja, mwenyekiti wa kamati akiwemo, upara ukimetameta. Mke alisimama kando ya tangi akiwatazama. Aliona jinsi mumewe alivyokunja kona bila kuiumiza kebo, alivyopitisha kiganja juu yake akitafuta mchubuko, alivyomenya ncha zake kwa kisu na kuzifunga kwenye vishikizo bila kupoteza mwendo hata mmoja. Alijua kwamba ni fundi mzuri. Hakujua kwamba ni mzuri kiasi kile. Bibi, aliyekuja bila kualikwa na kukalia ndoo iliyopinduliwa, alimwambia kila aliyepita: "Yule ni mwanangu. Na yule pale ndiye kichwa chake."

Saa tisa alasiri kila kitu kiliwashwa wodini kwa pamoja, ili mzigo wote uje. Mtambo wa vyombo ulivuma, hita ikaunguruma, mashine ya kufulia ikaanza kuzungusha mashuka matupu. Mhandisi alipima kwenye bodi kuu. "Mia mbili thelathini na moja!" alipaza sauti mtaroni, na sauti ikapokezwa kutoka kwa kibarua hadi kibarua mpaka wodini. Kisha akaja mwenyewe mbio na kifaa chake cha kupimia.

"Kabla sijagusa," alimwambia mke, akihema, "sema wewe. Hapa itasoma ngapi?"

Watu walijaa mlangoni. Mke hakufungua daftari. "Toa tisa nukta sita. Mia mbili ishirini na moja na ushee."

Mhandisi aligusisha ncha mbili za kifaa. Namba zilicheza, zikapanda, zikashuka, zikatulia. Aliitazama, akaitazama tena, kisha akainua kifaa juu ili wote waone.

Mia mbili ishirini na moja nukta saba.

Wodi ililipuka kwa shangwe. Matroni alimkumbatia mke mpaka saa yake ya kifuani ikanasa kwenye gauni. Wauguzi walipiga vigelegele, bibi akavipokea kutoka kule kwenye ndoo. Cheche alitaka kusema kitu, lakini alijikuta anamtikisa mhandisi mabega huku wote wawili wanacheka kama vichaa.

Katika zogo lile, mke alijinasua akasogea polepole hadi kwenye mashine za watoto njiti. Ndani ya kisanduku cha kioo hapakuwa na mtoto bado, godoro dogo tu na shuka la bluu. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Aliweka kiganja juu ya kioo. Joto lilikuwa linakuja, kidogo kidogo, kutoka mita mia na kumi.

Cheche alimfuata akasimama nyuma yake. "Sasa tuzime," alisema, "tufungie bodi, tukabidhi."

"Zima," alisema mke.

Cheche alikwenda kwenye bodi akashusha swichi kubwa. Wodi nzima ilinyamaza. Taa ya kijani ikafifia, ikatoweka. Watu wakaanza kuokota vitu vyao.

"Baba watoto," mke aliita, macho bado kwenye kisanduku, mkono bado juu ya kioo. "Washa tena. Nione."